Mlango wa Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Wa huko nyuma mmejibu kivivu, lakini haya, nimewasamehe.

Hapo zamani za kale palikuwa na taifa moja la nguchiro. Likagombana kwa kichwa cha nyoka, nani alikiuma kwanza. Wakapanda ua wa miiba katikati, huku Kilimani, kule Bondeni. Nyoka akaoza, ugomvi haukuoza.

Bi Mize alibaki Kilimani. Dada yake, Bi Riziki, alibaki Bondeni. Kila asubuhi Bi Mize alitega sikio penye miiba, akasikia dada yake akikohoa, kho kho kho, akajua bado yupo.

Miaka ikapita. Wakubwa wa pande zote wakaona aibu. Wakajenga ukumbusho wa tumaini la kuungana: mlango mkubwa wa mninga, umechongwa maua, katikati ya ua.

Sasa, mlango una adabu zake. Mgeni hubisha hodi, mwenyeji hujibu karibu. Kilimani wakafagia, wakakaanga kumbikumbi, wakaketi kungoja hodi. Bondeni nao wakafagia, wakakaanga kumbikumbi, wakaketi kungoja hodi. Kimya. Kesho yake vivyo hivyo. Nguchiro wakanenepa kwa kula karamu za wageni wasiokuja.

Asubuhi moja Bi Mize akatega sikio, asisikie kikohozi. Akangoja. Hakuna. Akakimbilia mlangoni huku machozi yanamtoka. Mkubwa wa Kilimani, Mzee Kidevu, akamzuia. Akamwambia kubisha hodi ni kukiri kuwa nyumba ni ya wale.

"Nyumba wapeni," akasema Bi Mize. "Mimi namtaka dada yangu."

Akagonga, ngo ngo ngo. "Hodi!"

Papo hapo, upande wa pili, ngo ngo ngo. "Hodi!"

Alikuwa Bi Riziki. Kumbe asubuhi ile alikibana kikohozi ili pumzi imtoshe kubisha hodi.

Basi wageni wawili, mwenyeji hakuna. Nani ajibu karibu? Wakubwa wakaanza kikao. Wale dada hawakungoja. Wakautikisa mlango, huyu huku, yule kule, mpaka bawaba zikang'oka. Wakaruka kando. Puu! Ukaanguka. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, na Bi Riziki akakohoa kikohozi chote alichokiweka.

Na ule ukumbusho? Ulilala chini, mpana, safi. Hawa wakaleta kumbikumbi, wale wakaleta kumbikumbi, wakaandaa juu ya yale maua, wakala pamoja. Mpaka leo wanakula hapo. Mzee Kidevu ndiye hushiba wa mwisho.

Anayetaka undugu asingoje kubishiwa hodi, abishe yeye. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye dada ng'ambo ya ua ainuke akagonge.