Simu ya Kurumbiza Itaje Jina la Nani?

Nisikilizeni vizuri, maana leo sisimulii ili mlale. Nasimulia ili mgombane. Mimi sioni nyuso zenu, hilo mnalijua, lakini nasikia kila anayepiga miayo, na wa kwanza kupiga miayo ndiye nitakayemdai jibu la kwanza.

Walikuwapo watu watatu. Yusta Mlowe alikuwa na ukaidi. Mzee Otmari Kabelege alikuwa na sauti. Leah Nyagawa alikuwa na ufundi wa kuifumua simu mpaka ndani kabisa na kuifundisha mambo mapya. Yusta na Otmari hawaoni. Leah anaona, ingawa Yusta alimwambia mara nyingi kwamba macho ndiyo yanayomchelewesha.

Tuanze na ukaidi, kwa sababu ndio ulioanza.

Yusta ni mkulima wa chai hapa kwetu Ihangala, kwenye baridi ya Njombe. Katika uchaguzi uliopita wa ushirika tulipewa karatasi, naye akaambiwa shemeji yake Festo amsaidie kuweka alama. Yusta akamnong'oneza jina la mgombea wake, "Betina Mtewele." Festo akasema, "Tayari, shemeji." Sanduku la tawi letu lilipofunguliwa, Betina hakuwa na hata kura moja. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura katika tawi la kwao, ng'ambo ya mto. Akaja nyumbani kwa Yusta, akakaa, akauliza neno moja tu: "Hata wewe, dada?"

Yusta angejibu nini? Angesema "nilikupa," nani angemwamini? Akamwita Festo, na Festo hakuona hata haya. "Shemeji, yule mama hafai," alisema. "Nikakuwekea anayefaa."

Safari hii ushirika uliacha karatasi. Kila mwanachama akapewa simu ya Kurumbiza, apigie kura humo. Hamjawahi kuisikia? Hamko peke yenu, hata wauza simu wa Makambako wengi hawaijui. Ni mfumo mdogo wa kampuni ndogo. Betri yake inadumu, na kanuni zake ziko wazi, yaani fundi yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Kurumbiza ni jina la ndege mwimbaji, lakini kwa asiyeona simu ile ilikuwa kimya kama kipande cha sabuni. Simu zenye majina makubwa zina programu ya kumsomea asiyeona kila kilicho kwenye kioo. Hii haikuwa nayo, na kura haikupigika kwenye simu nyingine.

"Na sisi tusioona?" Yusta aliuliza mkutanoni.

"Mtasaidiwa," alijibu Mwenyekiti Ngimbudzi.

"Nilisaidiwa safari ile, mwenyekiti. Mpaka leo msaada ule unaniuma."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akakitaja kifungu cha katiba yetu: kila mwanachama atapiga kura yake mwenyewe, kwa siri. "Fanyeni uchaguzi huu hivyohivyo," alisema, "nami nitaupinga mpaka kwa mrajisi wa vyama vya ushirika."

Akaupinga kweli. Uchaguzi ukaahirishwa, viongozi wapya wakakosekana, mbolea ikakwama, na hasira zote zikamshukia Yusta. Alisalimia "Kamwene" njiani, hakuna aliyeitikia. Kisha wakamgusa penye mkate wake. Jani la chai likishachumwa ni lazima lifike kiwandani upesi, likilala limekufa. Lori likaja kwenye banda la kukusanyia chai, likabeba magunia ya wote, la Yusta likaachwa. Aliingiza mkono guniani, akasikia majani yameshapata joto. Akayamwaga, kesho yake akaenda kuchuma tena, na lori likamwacha tena.

Festo akaja kwa upole wa kinafiki. "Shemeji, unajitesa bure. Kubali tu nikubonyezee."

"Bonyeza pua yako," alisema Yusta.

Haya. Ukaidi wake mmeuona, na bei yake mmeiona. Lakini ukaidi peke yake hauisomeshi simu.

Leah Nyagawa alikuwa fundi katika karakana ya kampuni iliyotuuzia Kurumbiza. Yusta alimfuata huko mjini, akaweka simu mezani. "Binti, hii yenu imenikata ulimi."

Leah aliigeuzageuza. "Dada, nitasema kweli. Sikuwahi kuwafikiria."

"Sasa fikiri."

Leah akafikiri. Bosi wake akamwambia aache, wasioona si wateja, atapoteza muda wa watu. Leah akamkumbusha kwamba kanuni za mfumo ziko wazi kwa kila mtu, basi hata yeye ni mtu. Bosi akasema achague: kiti chake au programu hiyo. Leah akachukua koti lake na chupa yake ya chai, akatoka. Wengine waliosoma naye walimwona mwendawazimu. Akahamia jikoni kwa mama yake, akakaa na kompyuta katikati ya moshi wa kuni, mpaka Kurumbiza ikajua kuyasoma maandishi yaliyo juu ya kioo.

Ikajua kusoma, ila haikuwa na cha kusomea. Sauti alizozipata za bure zilitamka Kiswahili kana kwamba kila neno lina mfupa. Yusta alisikiliza moja, akairudisha simu mezani.

"Sauti ipo," alisema. "Iko Ihangala, inakunywa uji."

Mzee Otmari alikuwa mwendesha mtambo wa simu katika idara moja ya serikali, enzi zile ukipiga unapokewa na mtu. Alikaa na waya zake na kifaa chake sikioni, akisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Nawaambieni, walikuwapo watu waliopiga simu bila shida yoyote, ili waisikie tu sentensi hiyo. Lakini Leah alipomfikia, koo la mzee lilikuwa na uvimbe, na daktari alikuwa amemkataza maneno mengi. Akiitumia sauti, itaondoka na haitarudi.

"Basi, baba, tuache," Leah alisema.

"Niitunze ili nizikwe nayo?" alijibu mzee. "Washa mtambo wako."

Walirekodia katika stoo ya mahindi, kwa sababu magunia huzuia mwangwi. Leah alimnong'oneza, naye Otmari akatamka silabi, akatamka maneno, akatamka majina ya watu na ya vitongoji vyote, na Leah akayakata na kuyaunganisha. Asubuhi moja walikuwa wamebakiza kidogo sana. Mzee akamaliza, akafungua kinywa aombe maji, na hakikutoka kitu. Leah akalia. Mzee akampapasa begani, akaonyesha kwa kidole upande ilipo kompyuta, kana kwamba anamuuliza: imeingia?

Ilikuwa imeingia.

Wakakusanyika jikoni kwa majaribio. Yusta akagusa ukurasa wa kura, na sauti ya Otmari, ile ya enzi zake, ikasema: "Kitufe." Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe."

"Huyu mgombea Kitufe ni wa ukoo gani?" aliuliza Yusta.

Leah akajishika kichwa. Wagombea walikuwa wamewekwa kwa picha, bila jina nyuma ya picha. Yeye aliona sura zao kila siku, basi hakujua kwamba hawana majina. Yusta akamwamuru azime mwanga wa kioo kabisa, wawe sawa. Kisha akaipitia simu nzima kwa kidole, kona kwa kona, na kila iliposema "kitufe" akamsimamisha Leah mpaka kitu hicho kipewe jina lake. Siku hizo chai yake ilikuwa bado inaachwa bandani. Akimaliza kuimwaga, anapanda gari kwenda jikoni kwa akina Leah.

Wakajaribu tena. Kwa majaribio tu, Yusta akamgusa mwenyekiti. Simu ikanguruma jikoni kote: "Umemchagua Ngimbudzi!"

"Yusta!" mama yake Leah akapiga kelele kutoka mlangoni. "Yote yale, kumbe unampa Ngimbudzi?"

Walikuwa wamehangaika kwa ajili ya siri, wakajitengenezea kipaza sauti. Hapo Mzee Otmari, asiyeweza tena kusema, akaitwaa simu, akaibandika kwenye sikio la Yusta, akaifunika kwa kiganja. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: sauti inakwenda kwenye sikio moja, na jirani hasikii kitu. Leah akaelewa. Akaihamishia sauti kwenye spika ndogo ya sikioni, kama mtu anayepokea simu.

Siku ya uchaguzi Festo alisimama karibu, mikono nyuma, tayari kusaidia. Yusta akainua Kurumbiza sikioni, kidole gumba kikitembea juu ya kioo. Ukumbi mzima ulitega masikio na haukupata hata herufi. Akaishusha. "Nimepiga," alisema. "Mimi. Kwa kidole changu." Sikumbuki kumsikia akilia kabla ya siku hiyo.

Alimchagua nani? Betina safari hii alipata kura kwenye tawi letu, hilo mtalisikia kwa yeyote. Lakini ya Yusta ilikwenda wapi? Nilimuuliza. Akaniambia niende nikapalilie.

Sasa tulieni, mtego ndio huu.

Kampuni ileile iliyomtoa Leah imesikia. Inataka programu hiyo iingie katika kila simu ya Kurumbiza, popote itakapouzwa, na imetutumia ombi: itajwe kwa jina la aliyeifanya iwepo. Simu ikiwashwa itasema, "Mimi ni fulani, nitakusomea." Nafasi ni ya jina moja.

Mwenyekiti aliwaita wote watatu akitumaini adabu, kwamba kila mmoja atamwachia mwenzake. Thubutu!

"Liwe langu," alisema Yusta. "Msinitazame hivyo, najua mnanitazama. Sauti ya mzee ilikuwapo miaka yote, na ufundi wa Leah ulikuwapo. Nani aliyevidai? Ninyi mlisema tutasaidiwa. Ningenyamaza, kila mtu angenyamaza, na chai yangu isingeoza."

"Nakuheshimu, dada," alisema Leah, "lakini kudai si kuunda. Ungeweza kudai mpaka leo. Nilikuwa na kazi nzuri, nikaiacha kwa ajili ya jambo ambalo mimi silihitaji, maana naona. Ninyi mlipigania haki yenu. Mimi nilipigania ya nani? Na kama fundi mwanamke hatatajwa kwa kazi yake, mtamtaja lini?"

Tukamgeukia Mzee Otmari. Alikuwa ameinama, vidole vikiandika polepole kwenye Kurumbiza yake. Kisha akaiinua, na safari hii aliiacha iseme kwa nguvu, kwa ile sauti iliyokuwa ikiwaunganisha watu.

"Ninyi wawili mtasema kesho na kesho kutwa. Mimi nasemea humu tu. Katika kila simu, kinywa kitakuwa changu. Mnataka kinywa changu mwenyewe kijitambulishe kwa jina la mtu mwingine?"

Halafu Yusta akasema, taratibu, "Mzee, nisingekutaja, ungekufa nayo." Na Leah akasema, "Na nisingeiweka humo, ingekufa nawe." Na simu ikajibu, "Na nisingewapa, mngebaki na maneno yenye mfupa." Wakaendelea hivyo mpaka mwenyekiti akafunga mkutano bila jibu, naye tangu siku hiyo anajifanya mgonjwa.

Msiniletee habari za kugawana, nafasi ni ya jina moja. Msiniletee jina la ushirika pia, ushirika ndio uliomwachia Yusta chai ioze. Kurumbiza yangu ninayo hapa, tayari ina programu, ila jina bado halijawekwa. Naiwasha. Sikilizeni.

"Mimi ni... nitakusomea."

Mmelisikia pengo lile? Kila asubuhi naamka nalo, na kila asubuhi linanikera. Nimewaza kwa upande wa Yusta, nikashawishika. Nimewaza kwa upande wa Leah, nikashawishika. Kisha simu husema kwa sauti ya Otmari, nami huanza kuwaza upya.

Haya, wewe uliyepiga miayo, nilikusikia. Anza wewe: pale penye kimya, ungeweka jina la nani?