Chungu cha Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeacha chungu jikoni aende kwanza akakitazame. Leo sicheki na mtu.

Hapo zamani za kale alikuwapo Mama Kanga na vifaranga wake. Mkubwa wao aliitwa Kidoti. Mama aliwapenda watoto hao, jamani! Jua likiwaka anawafunika, mvua ikinyesha anawafunika.

Kijijini kwao vyungu vilioshwa mtoni, wanawake wote pamoja. Aliyeunguza aliimbiwa:

"Kaunguza, kaunguza, soga zimemponza!"

Wimbo ukiisha, wote humsaidia kusugua. Na mwongoza wimbo alikuwa nani? Mama Kanga. Sauti anayo, kele-kele-kele!

Siku moja akainjika kumbikumbi, akatoka kupiga soga kidogo. Kidogo ya Mama Kanga mnaijua. Aliporudi, moshi fuu! Mafuta yameganda chunguni, ukoko mweusi tii.

"Leo wataniimba mimi," akawaza. Aibu ikamshika. Akakisukuma chungu mvunguni, akakifunika kwa majani.

Kobe, jirani yake, akaja. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni.

"Hodi! Shoga, nasikia harufu ya kuungua. Kilete tukiloweke. Majivu ninayo. Tutasugua, na mengine tutamwaga hapa mlangoni. Mvua hizi siafu wanatembea, na majivu hawayavuki."

"Kwangu hakijaungua kitu, dada."

"Haya," akasema Kobe. Kwaru, kwaru, akaenda zake.

Kesho yake Kidoti akasema, "Mama, mvunguni kunanuka."

"Nyamaza! Watu watasikia."

Kesho yake tena, "Mama, kuna mdudu ameingia mvunguni."

"Mmoja tu? Mkanyage."

Kidoti akamkanyaga, pwa! Huyo alikufa. Wenzake walikuwa njiani.

Asubuhi hiyo Mama Kanga akaenda kuokota kuni. Akafunga mlango kwa kamba, kwa nje, mtu asije akaingia akakiona chungu.

"Mama, usifunge," akasema Kidoti kutoka ndani.

"Narudi sasa hivi, mwanangu."

Aliporudi, palikuwa kimya. Kobe alikuwa amesimama mlangoni na kapu la majivu, machozi yanamtoka.

"Watoto waliita, shoga. Waliita mpaka wakanyamaza. Fundo lako liko juu, na mikono yangu ndiyo hii."

Mama Kanga akaikata kamba kwa mdomo. Akaingia. Siafu wa mwisho walikuwa wakitoka nje kwa ufa wa ukuta, wamejipanga, hawana haraka. Akainama mvunguni. Chungu kilikuwa safi. Ukoko hakuna, mafuta hakuna, hata chembe. Akatazama kitandani. Napo palikuwa safi vilevile, isipokuwa manyoya machache malaini.

Wanawake wa mtoni wakaja, wakajaa uani. Hakuna aliyeimba. Walimshika tu, naye akapiga ukelele ambao hajaunyamazisha hadi leo. Mkimwona kanga anagaagaa katika majivu na vumbi, msimcheke. Anajipaka yale majivu aliyoyakataa.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Chungu kikiungua, kitoe nje. Uchekwe, kisha usaidiwe. Kicheko cha majirani hakijaua mtoto wa mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, chunguni. Aliyekula kwangu leo, ainuke akasugue.