Mkeka Pembeni mwa Ndoto

Sogeeni karibu, na aliyekuja na usingizi auache mlangoni, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitapokea jibu la "sijui".

Katika milima ya Usambara, upande ule ambao ukungu hupanda saa nne asubuhi na kuingia mpaka jikoni, walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bi Hadia, mjane, msuka mikeka na mfasiri wa ndoto. Ukimtandikia mkeka wowote, ataupapasa mara moja na kukwambia mkono wa nani umeusuka, na kama siku hiyo msukaji alikuwa amegombana na mtu.

Wa pili ni Mhina, mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta. Huyu macho yake hayakulala. Ukihamisha kijiko jikoni kwake kutoka kulia kwenda kushoto, jioni atakuuliza nani aliingia.

Wa tatu ni Mzee Hoza, ndugu wa marehemu mume wa Bi Hadia, mkata ukindu wa kusukia mikeka. Kusoma hakujua hata herufi moja. Lakini mwoneshe ukindu uliokaushwa, atakutajia bonde ulikoota na maji uliyokunywa.

Mhina ndiye aliyemfungulia mama yake mdogo tovuti. Watu waliandika ndoto zao, Bi Hadia akazisikiliza zikisomwa, akazifasiri, na Mhina akaandika majibu. Hoza alikuwa akija kuleta ukindu, akanywa chai, akakaa kusikiliza ndoto za watu asiowajua. Siku moja Mhina akaja na jambo jipya. Ili tovuti ijilipie, ataweka pembeni sanduku la matangazo. Sanduku lenyewe litasoma maneno ya kila ndoto na kuleta bidhaa inayofanana nayo.

Mwanzoni walicheka sana. Mtu ameota meno yanamtoka, pembeni inatokea dawa ya meno. Mtu ameota mafuriko, anauziwa tangi. Kisha mama mmoja akaandika kwamba kila alfajiri anamwota mwanawe aliyefariki akimwita kutoka nje, na pembeni ya ndoto yake vikatokea viatu vya watoto, jozi kwa jozi, vyekundu na vya buluu. Yule mama akaandika mstari mmoja tu, kwamba hata hapa wanamuuzia, na hakurudi tena.

Bi Hadia alilia siku ile. Akamwambia Mhina aliondoe sanduku. Mhina akajitetea kwamba halina nia mbaya, linasoma maneno tu, halimjui mtu.

"Ndiyo maana linanitisha," Bi Hadia akasema. "Mimi nikikosea namjua niliyemkosea."

Na alisema hivyo akimfikiria mtu. Miaka sita nyuma, binti yake wa pekee, Mwajabu, alimletea ndoto yake usiku wa kuamkia posa. Bi Hadia akaifasiri bila huruma, akasema mwanamume yule hafai, na kama binti akimfuata basi asimtumie hata salamu. Mwajabu akamfuata. Na salamu hakutuma, maana alikuwa mtoto mtiifu hata katika hasira. Bi Hadia alifasiri ndoto za nchi nzima, lakini ya binti yake tangu hapo hakupata tena hata moja.

Basi wakawa wanabishana hivyo, sanduku liondoke au libaki, mpaka Jumatatu moja mtu akaandika ameota amekalia mkeka. Pembeni likaja tangazo la mkeka. Halikuwa na jina la duka wala namba ya simu. Palikuwa na picha ya kili mbili, yaani mikanda miwili ya ukindu uliosukwa, zilizoshonwa pamoja juu ya sakafu ya udongo, na chini yake maneno mawili: *Unakaribia kwisha.*

Jumanne Mhina aliiona tena picha ile, akaganda. Kili zilikuwa tatu. Akalifuta kwenye ile ndoto neno "mkeka", na tangazo likapotea. Akalirudisha, na tangazo likarudi. Akaiandikia kampuni ya matangazo, ikamjibu kwamba tangazo hilo halimo kwao. Jumatano kili zikawa nne. Ndipo alipokwenda kumwita mama yake mdogo, na mtu mwingine yeyote, wallahi, asingeona lolote. Angeona mkeka, akapita.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, ukungu umeshaingia ndani. Bi Hadia akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. Sasa zilikuwa kili tano. Akanyoosha kidole akafuata msuko, akaurudia tena kutoka mwanzo.

Mnajua, watu wote husuka mshazari ukaelekea kulia. Nyumbani kwa kina Bi Hadia wanauelekeza kushoto, kwa sababu bibi yao alikuwa wa mkono wa kushoto, akawafundisha wanawe hivyo hivyo, na majirani wakawacheka vizazi vitatu. Duniani walikuwa wamebaki wawili tu wenye kosa hilo. Mmoja alikuwa amesimama mbele ya kompyuta.

"Huyu ni Mwajabu," akasema.

Kisha akaona jambo la pili, akavuta kiti akakaa. Mkeka haukuwa na rangi. Katika ukoo wao kila mkeka hutiwa rangi, hata wa kuanikia mahindi, isipokuwa ule wa kumlalishia maiti. Na mkeka huo huwa na kili saba. Angekuja mtu mwingine yeyote, angeona mkeka mweupe mzuri, akauliza bei.

Mhina akahesabu kwa vidole: Ijumaa sita, Jumamosi saba. Akauliza watamtafutia wapi, maana tangu arusi hakuna aliyejua mume alimpeleka upande gani. Bi Hadia alijisikia vibaya kuliko siku ile binti alipoondoka, kwa sababu sasa alikuwa akimwona na hawezi kumfikia.

Hoza alikuwa kwenye kiti chake na kikombe chake. Maneno ya chini ya picha hayakumhusu, alikuwa akiangalia ukindu.

"Shemeji," akasema, "ukindu huo umekunywa maji ya magadi. Unaona vidoa vya kutu kwenye mbavu zake? Upo kwenye dimbwi moja tu, chini kule, ng'ambo ya reli ya zamani. Niliukata mara moja ukanichana mikono, sikuurudia."

Angekuwa mtu mwingine, ukindu ni ukindu, na wangelizunguka bonde zima mwezi mzima.

Njia ya kuteremka ilikuwa imekatwa na mvua. Ijumaa yote waliipoteza kwa kuzunguka, na Jumamosi jua likiwa utosini walifika kwenye lile dimbwi. Palikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa gofu. Ya pili mlango uliegeshwa.

Mwajabu alikuwa ameketi sakafuni, amekonda mpaka Bi Hadia alimtambua kwa mikono kwanza. Ukili wa saba ulikuwa umeshonwa nusu na sindano imo humo humo. Aliinua macho, wala hakushtuka.

"Mama," akasema, "umekuja kuuchukua?"

Bi Hadia alimnyang'anya sindano, akaitupa nje, akambeba mtoto wa miaka thelathini mgongoni kama alivyombeba zamani. Hospitali waliwaambia kifua kilikuwa kimejaa, na kwamba angekawia siku moja zaidi asingepona. Baada ya wiki tatu Mwajabu alikuwa akila ugali na kulalamika kwamba mboga haina chumvi.

Alieleza kwamba mume alimwacha tangu masika, na simu aliiuza. Hakutaka kumsumbua mtu na mazishi yake, ndiyo maana akaanza kuusuka mwenyewe. Hakuna aliyekanyaga mle ndani miezi miwili. Mhina alikuwa amekipima kile chumba kwa macho. Picha zile zilipigwa kutoka pembeni, upande wa kusini, na upande wa kusini palikuwa na ukuta mtupu usio na dirisha wala tundu. Hakumwambia Mwajabu jambo hilo. Alimwambia Bi Hadia, na Bi Hadia tangu siku hiyo hakuketi tena akiupa ukuta mgongo.

Sasa ule ubishi wa sanduku ulikuwa bado unawangoja. Bi Hadia akasema waumalize: aliyemrudisha Mwajabu ndiye awe na neno la mwisho, lisalie au liondoke, na wengine wawili wanyamaze daima.

Mhina akasema ni yeye. Bila sanduku lake wangekuwa wanakunywa chai mpaka leo, na bila macho yake wasingejua kwamba mkeka unakua. Akipewa neno, sanduku linabaki. Nani anajua ni mtoto wa nani mwingine anayelaza kichwa sakafuni?

Bi Hadia akasema ni yeye. Picha ile waliiona mamia ya watu, na yeye peke yake ndiye aliyeona mkono wa mwanawe na kujua mkeka ule ni wa nini. Akipewa neno, sanduku linaondoka leo. Alipata binti kwalo, anashukuru, lakini nani amemsahau yule mama wa viatu? Na ni wangapi watakaotambua mkono wa mtu wao pembeni ya ndoto ya mgeni, na wasiwe na Hoza wa kuwaambia aliko?

Hoza akasema kwa upole kwamba kumjua mtu na kutojua aliko ni kilio tu, na aliyejua aliko ni yeye. Akipewa neno, naye ataliondoa, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na anataka kunywa chai yake kwa amani.

Wakamgeukia Mwajabu. Mwajabu akawatazama mmoja mmoja, akasema kila mmoja alimshika mahali pake, na yeyote kati yao angemwacha, angeanguka. Hakuchagua.

Mhina akafungua ile ndoto ya mkeka ili waitazame mara ya mwisho kabla ya kuamua. Pembeni palikuwa na tangazo jipya. Ukili mmoja, mweupe, usio na rangi, juu ya sakafu ya saruji. Bi Hadia akausogelea haraka. Mshazari ulielekea kulia, kama wa watu wote, na mkono ule hakuujua. Akapumua.

Hoza hakupumua. Aliweka kikombe chini.

"Ukindu huu," akasema, "nimeukata mimi. Wiki iliyopita, hapa hapa kwetu. Nimeugawa nyumba kumi na moja."

Akazitaja, na Bi Hadia akayarudia majina ya nyumba zile kimoyomoyo, na kila moja alikuwa amekula humo. Mhina alikuwa ameshika kitufe cha kuliondoa sanduku, na hakukibonyeza wala hakukiachia.

Haya, ninyi mliosogea. Neno la mwisho mngempa nani kati ya hao watatu? Na huyo mliyempa, akiwauliza lisalie au liondoke, mtamwambia nini? Semezaneni, lakini msikawie. Hayo ya mwisho niliyowasimulia ni ya Jumatatu hii, na nilipopita kwa Mhina leo kuagana naye, kili zilikuwa nne.