Sababu za Kutokwenda Dukani kwa Bwana Faru

Hapo zamani za kale, wanangu, chumvi haikuwa na mwenyewe. Katika Bonde la Nyikachumvi palikuwa na ardhi nyeupe, pana kama uwanja wa ngoma, na wanyama wote walikwenda pale kulamba na kuchota chumvi ya kutia kwenye mboga. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe ameitoa wapi. Ilikuwa kama maji ya mvua.

Kisha akaja Bwana Faru. Wengine humwita Kifaru, lakini yeye hakulipenda jina hilo, na aliyelitamka mbele yake hakulirudia. Akakata magogo, akaizungushia ile ardhi nyeupe kuta nne, akaezeka paa la nyasi, akaacha mlango mmoja. Akasimama mlangoni akatangaza:

"Kuanzia leo hili ni duka. Anayetaka chumvi aje na mzigo wa majani mabichi. Muuzaji ni mimi."

Wanyama wakaguna, lakini utafanyaje? Mboga bila chumvi hailiki. Wa kwanza kwenda alikuwa Bi Swala, mtoto wake mchanga akimfuata ubavuni. Akabisha hodi kwa adabu.

"Chumvi ya leo ni safi, Bwana Faru?"

"Fuuu!" Faru akapumua kwa pua hata vumbi likatimka. "Umekuja kununua au kunikagua? Miguu yenyewe kama vijiti vya kuchokolea meno, halafu unachagua chumvi."

Bi Swala akaondoka bila chumvi na bila kuaga.

Wa pili alikuwa Ngiri. Yeye alitua mzigo wake wa majani mlangoni. Faru akaula wote palepale, akafuta mdomo, akauliza, "Mzigo uko wapi?"

"Si huo umeula sasa hivi?"

"Basi ulikuwa mdogo."

Ngiri alipofungua kinywa kubisha, pembe ikapita chini ya tumbo lake, na mara akajikuta ameangukia kule nje, puu, miguu juu. Twiga aliyekuwa nyuma yake akaulizwa kama shingo ilipokuwa ikirefuka akili ilibaki chini. Twiga akageuka akarudi kwake.

Tangu siku ile hakuna aliyekwenda. Hawakufanya mkutano wala hawakuapishana. Kila mmoja alitafuta tu njia nyingine ya kupita. Ngiri alikuwa tayari kupenya kwenye miiba kuliko kupita mbele ya duka lile. Mboga zikaliwa chapwa. Watoto wakalegea. Mtoto wa Bi Swala alikuwa akisimama, akitetemeka, kisha akilala tena chini.

Sasa, nyuma ya duka, kwenye mawe, alikaa Pimbi na mkewe. Nasema Pimbi, si Sungura. Wasimulizi wengi huwachanganya. Sungura ana masikio marefu. Pimbi masikio yake ni mafupi, mkia hana kabisa, na nyumba yake ni ufa wa jiwe.

Asubuhi moja mkewe akatoa kichwa ufani.

"Baba Sikudhani, mtoto ametema uji tena."

"Umetia nini?"

"Nitie nini? Maji na unga. Chumvi ile pale, na wewe umekaa juu ya jiwe unaota jua."

"Naota jua huku nafikiri, mama Sikudhani."

"Jua limekwisha kuwaka vya kutosha. Nenda."

Pimbi akaenda. Faru alikuwa mlangoni, amekunja uso, maana macho yake hayaoni mbali.

"Nani huyo? Panya?"

"Ni mimi Pimbi, jirani yako, mjomba."

"Sina mpwa asiye na mkia. Lakini vizuri umekuja. Kutwa unakaa juu ya jiwe lako unaelekea dukani kwangu. Wewe ndiye unayewafukuza wateja. Unawaambia nini?"

"Mimi? Mimi mwenyewe nimekuja kununua."

"Huuziwi. Na nisikilize. Mwezi ukiandama kabla duka hili halijajaa wateja, nitayapindua mawe yako moja moja, mtakwenda kulala mchangani na mkeo na huyo mtoto wenu anayelia."

Faru hakuwa na mzaha. Na Pimbi asiye na ufa wa kuingia, wanangu, ni chakula cha tai.

"Mjomba," akasema polepole, "mteja hafukuzwi na jirani. Mteja ana sababu yake. Niruhusu nikawaulize."

"Sababu gani? Chumvi ninayo, nguvu ninazo."

"Ndiyo maana nasema itakuwa sababu ndogo tu. Huenda ni kitu cha kurekebishwa kwa pembe mara moja."

Faru akapenda kusikia pembe yake ikitajwa. "Nenda. Kila sababu utakayoileta nitaiondoa. Lakini ziwe za kweli."

Ndani ya duka Bi Faru, mkewe, aliyekuwa akifagia, akakohoa kidogo.

Pimbi akaanzia kwa Ngiri.

"Kwa nini huendi dukani, ndugu yangu?"

"Unaniuliza, na mbavu hizi unaziona? Kamwambie siendi kwa sababu yeye ni yeye."

"Nikimwambia hivyo nitarudi hapa nimekuwa mkeka."

"Basi mwambie lolote. Mwambie mlango mwembamba. Mwambie mimi huingia nyumbani kinyumenyume, na pale mlangoni hapana pa kugeukia."

Pimbi akakuna kidevu.

"Hebu rudia hilo la mlango."

"Nimesema mwembamba."

"Hiyo ni sababu nzuri sana. Akiupanua utakwenda?"

"Siendi."

"Utakwenda. Utaingia kinyumenyume kama kwako, utalamba kidogo, utasema 'naonja tu,' utatoka. Usoni hutamwona, utakuwa umempa mgongo."

Ngiri akacheka hata meno yake marefu yakagongana.

Pimbi akarudi mbio. Faru alipoisikia sababu akashangaa.

"Mlango tu? Watu wazima wanakosa chumvi kwa ajili ya mlango?"

Akaingiza pembe chini ya mwimo wa mlango, akainua. Gudubu! Mlango ukaenda na ukuta wote wa mbele. Na kweli, kabla jua halijazama Ngiri akaja, mkia juu, makalio mbele, akalamba, akasema "Naonja tu, Bwana Faru," akatoka. Desturi ya soko mnaijua: kuonja hakulipiwi.

"Umeona?" Faru akamwambia mkewe. "Wameanza kuja."

Siku ya pili Pimbi akaleta sababu ya Twiga.

"Anasema paa liko chini, mjomba. Kichwa kikiingia, shingo haina pa kukaa."

Faru akalivuta paa, likashuka kama kofia iliyochukuliwa na upepo. Bi Faru akatikisa nyasi kichwani.

"Mvua ikinyesha je, bwana?"

"Mvua gani? Chumvi hii imenyeshewa tangu enzi za babu yangu."

"Kweli. Na imelambwa bure tangu enzi za babu yako."

"Biashara huijui wewe."

Twiga akaja, akashusha shingo kutoka juu, akaonja, akashukuru, akaenda zake. Faru akatembea huku na huko kama bwana harusi.

Siku iliyofuata Pimbi akaja na sababu ya Bi Swala, na hii ilikuwa nzito.

"Bi Swala hali mahali asipoona pande zote nne. Ndivyo walivyo kwao, ni kwa sababu ya Chui. Anasema kuta zinamziba macho."

Faru akasimama. Akamwinamia Pimbi hata pumzi yake ikamlaza manyoya.

"Kuta nazo? Hebu niambie, wewe usiye na mkia, duka lisilo na kuta linaitwaje?"

Pimbi naye akauliza:

"Mjomba, ukuta hujengwa na nani?"

"Na mwenye mali."

"Mwenye mali anayeogopa wezi. Sasa bondeni kote, nani wa kukuibia wewe?"

Faru akafikiri sana. "Hakuna."

"Basi wapitao wakiziona kuta husema, 'Kumbe hata Bwana Faru anaye anayemwogopa.'"

"Nani amesema hivyo?"

Hakungoja jibu. Gudubu! Gudubu! Gudubu! Kuta tatu zilizobaki zikalala chini, na Bi Faru akaanza kuyakusanya magogo taratibu, ya kupikia.

Alasiri Bi Swala akaja na mtoto wake. Mtoto alikuwa akiyumba. Wakafika ukingoni mwa ile ardhi nyeupe, mtoto akanyoosha ulimi. Faru, ambaye macho yake hayaoni mbali, akasogea ili aone vizuri nani amekuja. "Fuuu?" akauliza.

Mama akaruka huku, mtoto akaruka kule, miguu ikamkataa, akaanguka. Mama akamwinua kwa pua, wakatokomea. Hata chembe moja ya chumvi hawakuipata.

Pimbi akaona yote kutoka juu ya jiwe lake. Mwezi ulikuwa uandame kesho yake.

"Wamekimbia nini tena?" Faru akanguruma. "Nimetoa mlango, nimetoa paa, nimetoa kuta. Hata neno sijawaambia. Pimbi, mawe yako yanakwenda."

Pimbi akashuka mpaka karibu na pembe yenyewe, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsitiri mwenziwe aibu.

"Mjomba, naomba nikuulize jambo la nyumbani. Mtu anapokula, hutazamwa mdomoni?"

"Hatazamwi."

"Nani amekufundisha?"

"Mama yangu, kwa fimbo."

"Alikulea vizuri. Na mtu anayeonja, si anakula?"

"Anakula."

"Mgeni analamba," Pimbi akaendelea, "na mwenye duka amemsimamia anamkodolea macho. Ndiyo wanasema... lakini tuyaache."

"Wanasema nini?"

"Wanasema Bwana Faru ni tajiri, lakini kwao hakuna adabu."

Faru aliweza kustahimili kuitwa mkali, hata mchoyo. Lakini kwamba mama yake hakumlea, hilo lilimchoma. Kesho yake akaondoka mwenyewe pale mahali, akaenda mpaka kwenye kichaka cha miiba kule ng'ambo, akaligeuzia bonde mgongo, akasimama kimya kama muungwana.

Pimbi akapanda juu ya jiwe akapiga ukelele. Wakaja wote: Ngiri na watoto wake, mkia kila mmoja juu, Twiga, Pundamilia, Nungunungu na mkewe, na mama Sikudhani amembeba mtoto. Bi Swala akaja wa mwisho. Mwanawe akapiga magoti kwenye ile chumvi, akalamba, akapumzika, akalamba tena. Bonde zima likasikika, chwa, chwa, chwa.

Kule kichakani Faru alikuwa akitabasamu peke yake, akamwita kwa sauti mkewe aliyebaki dukani.

"Bi Faru, unasikia? Duka limejaa."

"Nasikia, bwana."

"Wanasemaje kuhusu mwenye duka?"

"Vinywa vimejaa. Hawasemi kitu."

"Na mizigo ya majani wanaiweka wapi?"

Sauti ya Bi Faru ikaja kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. "Geuka uone mwenyewe."

"Si adabu. Nitageuka wakishiba."

Akangoja. Jua likashuka, na juu ya kilima mwezi mwembamba ukaandama kama ukucha. Ndipo Faru alipogeuka.

Akaiona ardhi nyeupe, pana kama uwanja wa ngoma. Hapakuwa na mlango, paa, ukuta, wala jani moja. Wanyama walikuwa wamesimama juu yake, wameshiba, wanamtazama. Mtoto wa Bi Swala alikuwa akirukaruka kwa miguu yote minne.

"Duka langu liko wapi?"

Pimbi alikuwa amekwisha ingia ufani, kichwa tu kiko nje.

"Mwezi umeandama, mjomba, na wateja wamejaa. Ndivyo tulivyopatana, mawe yangu yaache. Uliniagiza sababu za watu kutokuja. Nimekuletea zote, na zote umeziondoa kwa pembe yako: mlango, paa na kuta."

"Hizo ni tatu. Lakini jana walikimbia, na kuta hazipo. Sababu ya mwisho ilikuwa nini?"

"Ya mwisho uliiondoa ulipokwenda kichakani."

Hakuna aliyecheka. Faru akasimama, akiwatazama mmoja mmoja kwa macho yake yasiyoona mbali, mpaka akamwona mkewe, bega kwa bega na Bi Swala, ulimi chini.

"Hata wewe?"

"Naonja tu, bwana," akasema Bi Faru.

Faru hakupumua kwa pua. Akageuka, akarudi kichakani polepole. Hadi leo ndiko anakoishi, miibani, peke yake, na kwenye chumvi haji mpaka wenzake wawe wamekwisha ondoka.

Anayeogopwa haambiwi kweli, na asiyeambiwa kweli huibomoa nyumba yake kwa pembe yake mwenyewe.