Shuka ya Kioo cha Bi Fruma

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hudhani mgeni huyo sharti aje na kapu mkononi. Mchoraji Julius Prager alifika Montreal na brashi sita tu, baada ya kufukuzwa Berlin kwa kuwa Myahudi na picha zake kutupwa jalalani.

Alipanga chumba juu ya tanuri la mikate la Bi Fruma Zeldin, mjane mwenye ulimi mkali kama siki. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa la kuchorea, na Julius alikipenda kama mboni ya jicho lake. Huko chini, kioo cha ukutani kilikuwa kingali kimefunikwa shuka. Kwa desturi ya Wayahudi, vioo hufunikwa siku saba za matanga. Matanga ya Bi Fruma yalikuwa katika mwezi wa tano. Hakutaka kumwona kiooni mwanamke asiye na mumewe Hershel.

“Nichoree marehemu wangu,” alimwambia Julius. “Ukimpata, chumba ni chako. Ukimkosa, utafute pengine.”

Julius aliitazama picha ya arusi yao, akawasikiliza wachoma mikate wakimsimulia Hershel alivyosimama tanurini, akachora majuma matatu. Ijumaa mchana, mikate ya Sabato ikiwa motoni, aliishusha kazi yake. Uso wa Hershel ulikuwa rangi ya chungwa upande mmoja, kijani upande wa pili, na mikono mikubwa kuliko kichwa.

“Huyu ni Hershel au boga?” Bi Fruma alifoka. “Nyie wa Berlin! Hata kulala mnalala na tai shingoni, lakini sura ya mtu hamuijui!”

“Ndivyo alivyokuwa mbele ya moto, Bi Fruma.”

“Mume wangu hakuwa kijani hata alipougua! Haya, funga virago!”

Kwa hasira alinyakua shuka iliyokuwa karibu, akaifunika picha. Kumbe ilikuwa ile ya kioo. Mbele yake alisimama mwanamke aliyekonda, shavu moja la chungwa kwa mwanga wa tanuri, la pili kijani kwa nuru iliyopenya pazia la duka.

Alijitazama kitambo. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

“Ee Hershel,” alisema akiifunua picha polepole, “miaka thelathini tumekuwa maboga mawili, na hakuna aliyetuambia!”

Aliikunja shuka, akaitia kabatini. Picha akaitundika kando ya kioo, wapate kutazamana.

“Na wewe Julius, umesimama nini? Vua tai, ule mkate ungali moto. Halafu kalioshe dirisha lako, limejaa vumbi.”

Julius alivua tai, akala kwa furaha kama mtu aliyefika kwao. Hakuja na kapu, lakini aliyekuwa mgonjwa wa huzuni nyumbani humo alicheka. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.