Matanga ya Nyapara Aliye Hai

Sogeeni!
Tumesogea.
Niitoe?
Itoe.
Ya kweli au ya uongo?
Changanya, mradi iwe tamu.

Basi hapo kale, katika kisiwa cha Ayalandi, ambako mvua huingia nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga, aliishi bibi mmoja aitwaye Grania. Kazi yake ilikuwa kuimba mbolezi. Kule mtu akifa, maiti haachwi peke yake. Watu hukaa naye, hula, hunywa, hutaniana, na bibi kama Grania humwimbia sifa mpaka walio hai wanaona wivu. Grania hakujaliwa binti, kwa hiyo mbolezi zake zote alimfundisha mwanawe, Fintan.

Fintan huyo alikuwa na ulimi mtamu na mkono mwepesi. Siku moja kondoo wa kabaila alikutwa ndani ya sufuria yake. Hakimu alipomuuliza, akasema kondoo alimfuata mwenyewe. Akaulizwa tena, akasema aliingia kuota moto. Akaulizwa mara ya tatu, akasema sufuria ndiyo iliyokosa adabu. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamhukumu kuvushwa bahari hadi nchi ya wafungwa, chini kabisa ya dunia, akae huko maisha.

Grania akamsindikiza hadi melini.

"Nimewalilia wote wa kijiji hiki," akasema. "Mimi atanililia nani?"

"Mimi, mama. Usife kabla sijarudi."

"Nitajaribu. Na wewe usizurure njiani."

Huko alikopelekwa, Fintan alivunja mawe na mnyororo mguuni. Nyapara wao aliitwa Garrat, mtu wa mijeledi, na begani alikaa kasuku mweupe mwenye umbeya. Mfungwa akinyoosha mgongo tu, kasuku husema, "Bwana, bwana, yule anapumzika." Fintan alipigwa, akavumilia. Kilichomuuma ni kwamba mama anazeeka, na bahari haina njia ya miguu.

Ikawa mfungwa mmoja akafa kwa kazi, na Fintan akamwimbia. Garrat alisikia akatokwa na machozi. Msidhani alimlilia marehemu! Alijililia mwenyewe. Akamwita Fintan, akamuuliza kama naye akifa ataimbiwa hivyo. Fintan akasema ataimbiwa vizuri zaidi, ila bahati mbaya hatasikia.

Neno hilo likamnyima Garrat usingizi. Jumapili, askari wote walipokwenda kanisani mjini, akasema anataka matanga yake leo hii.

"Yana masharti, bwana," akasema Fintan. "Maiti hulala chali, macho kafumba, sahani ya chumvi kifuani. Maiti halazwi na chuma, kwa hiyo funguo weka kando. Waombolezaji hawaimbi na njaa. Na maiti akijibu anapoitwa kabla wimbo haujaisha, kifo humsikia, kikamchukua kweli."

Garrat akavua funguo, akalala.

Fintan akatafuta cha kusifu, asikione. Akasifu viatu. Wafungwa wakavamia mnofu wa ng'ombe uliokuwa jikoni kwake.

"Bwana, bwana," akasema kasuku, "wanakula nyama yako."

Garrat kimya.

Akasifu sharubu. Funguo zikazunguka mguu hadi mguu.

"Bwana, bwana, wanafungua minyororo."

Garrat akakaza macho, kimya.

Akasifu kivuli, jinsi kilivyowapoza watu hata wasiohitaji kupozwa. Wafungwa wakateremka ufukweni.

"Bwana, bwana, wanachukua mashua."

Jasho likamtoka Garrat, lakini kimya. Fintan naye akarudi kinyumenyume huku akiimba, sauti ikififia, ikififia. Garrat akawaza kwamba labda ndivyo roho inavyousikia ulimwengu inapoondoka, akaona raha. Askari waliporudi walimkuta vilevile, chumvi kifuani. Wakamuuliza wafungwa wako wapi. Hakujibu, maana hakuna aliyemwambia wimbo umekwisha.

Ile mashua ilikutana na meli ya wavua nyangumi waliopungukiwa na watu wa kazi, na hao hawamuulizi mtu alikotoka. Fintan alivuta kamba bahari moja hadi nyingine, miaka ikapita, mpaka asubuhi moja akashuka kwao mvuani.

Akamkuta Grania kitandani, mwembamba, na majirani wameshaanza kupika. Furaha na huzuni vilimjia pamoja, asijue aanze na kipi.

"Umezurura," akasema mama.

"Nisamehe, mama."

"Basi imba ningali nasikia. Sitaki kusimuliwa na malaika."

Fintan akaimba. Safari hii hakutafuta cha kusifu, vilimjia vyenyewe: mikono ya mama, ugomvi wake, viazi vyake, na miaka aliyokataa kufa kwa sababu ya ahadi. Alilia, sauti ikakatika katikati, akaiokota, akamaliza. Majirani wote walikuwa wanalia.

Grania peke yake alikuwa amekunja uso.

"Ule ubeti wa kati," akasema, "umeuharibu. Siwezi kuzikwa na ubeti kama ule." Akashuka kitandani, akadai viazi, akaishi miaka mingine akimsahihisha.

Wahenga husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza: nyapara akisifiwa hulala na chumvi kifuani. Mpenda sifa na alinde funguo zake.

Nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Na wewe uliyelala pale tangu katikati, endelea tu kulala. Naanza kukusifia viatu.