Mhandisi na Ndoo ya Bi Mwanakheri

Mchora njia kwanza atwikwe ndoo.

Jana diwani alipomwambia mkandarasi maneno hayo pale stendi mpya, mlicheka mkadhani anamtania. Hakuwa akimtania, wajukuu zangu. Mmeniuliza msemo huo umetoka wapi, nami nawajibu kwamba umetoka mtaani kwetu hapa Kwamsala, na waliouzaa niliwaona kwa macho yangu. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri. Asili yake ni hii.

Barabara kuu ilipofika hapa, iliukata mtaa vipande viwili. Nyumba zikabaki upande huu, bomba la maji likabaki ng'ambo, na malori yalikuwa yakishuka mlimani kwa kasi ya kutisha. Wakubwa wa mji wakatujengea daraja la juu la waenda kwa miguu, zuri kweli, la chuma, ngazi arobaini kupanda na arobaini kushuka. Wanaume walilipita wakienda kazini. Sisi wanawake wenye ndoo tuliendelea kukatiza chini, baina ya malori, mpaka jirani yetu Mama Semeni akagongwa, akavunjika nyonga.

Mhandisi wa mji, kijana aitwaye Shekiondo, akaitisha mkutano palepale darajani. Akatangaza kwamba Jumatatu ataweka seng'enge kandokando ya barabara yote, ili kila mtu apande daraja, apende asipende.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mama mkwe magoti yalikuwa yameshamwishia, kwa hiyo maji ya nyumba nzima niliyachota mimi. Seng'enge ikisimama, kila ndoo ningeipandishia na kuishushia ngazi zile. Nililia mbele za watu, sioni haya kuwaambia.

"Huu ni uvivu tu," mhandisi akasema. "Ngazi chache zinawashinda?"

Bi Mwanakheri akajikongoja mbele. Hakuwa mtu wa makelele, lakini ukimwona ametulia hivyo, ujue kuna mtu leo atakiona.

"Shikamoo, mama," mhandisi akamwamkia.

"Marahaba, baba. Ngazi hizi ulizipima mwenyewe?"

"Moja baada ya nyingine."

"Ukiwa umebeba nini?"

Mhandisi akaonyesha futi yake ya kupimia. Watu wakaangua kicheko.

"Basi inama, nikutwike."

Nampenda mtu yule hadi leo kwa alichofanya. Angeweza kukasirika, msomi mzima mbele ya umati, lakini aliinama. Mama akakunja khanga ikawa kata, akamwekea kichwani, nasi tukamtwika ndoo iliyojaa. Kupanda alipanda, maji yakimmwagikia mabegani. Kushuka ndiko kulikomshinda. Mwenye ndoo kichwani haangalii miguu yake, akiinamisha shingo tu ndoo inaporomoka. Wala hatui njiani, maana akitua, nani atamtwika tena? Alisimama pale juu, mguu mmoja ukipapasa hewani.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo, "siioni ngazi."

"Hata sisi hatuioni, baba," Bi Mwanakheri akajibu.

Tukapanda kumtua. Akaketi palepale, shati chapachapa.

"Nilipima miguu yenu," akasema. "Shingo sikuzipima. Nisameheni."

Jumatatu seng'enge haikuja. Yalikuja matuta mawili ya kuyapunguza malori mwendo, na kivuko tambarare kilichopakwa rangi, chenye mahali pa kusimama katikati. Nilikivuka na ndoo yangu juma lilelile, lori zima limesimama likinisubiri, nikajiona malkia! Mama yenu alizaliwa majuma matatu baadaye, mzima wa afya.

Mwaka uliofuata tukasikia soko letu litajengwa upya. Asubuhi moja tuko kwenye foleni ya maji, tukamwona Mhandisi Shekiondo anakuja peke yake. Hakuwa na ramani wala futi. Alikuwa ameshika ndoo. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanakheri, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake akituangalia, akainama kabla ya kuambiwa.

"Shikamoo, mama. Nitwike, kisha unionyeshe mnakopita."

Basi siku nyingine mkimsikia diwani, msicheke. Mchora njia kwanza atwikwe ndoo.